Kutu ya Upande Mmoja

Mtu akikwambia kutu haina harufu, jua huyo hajawahi kuiweka motoni. Kutu baridi inanuka udongo tu. Lakini ukiiwashia moto chini, pamoja na mafuta ya zamani yaliyogandamana nayo, inatoa harufu kama ya damu iliyokaukia kwenye kisu cha bucha, na nyuma yake kuna kautamu kidogo, ka moshi wa nyama iliyoliwa na watu ambao labda wengine hawapo tena. Harufu hiyo ndiyo iliyonikalisha chini juzi, mimi na kitambi changu na viatu vyangu vya ngozi, katika ua wa nyuma wa hoteli yangu ya tatu.

Ndiyo, ya tatu. Sijifichi. Nina sehemu tatu za kuchoma hapa Kisumu, na mgeni akija mji huu akaondoka bila kula kwangu, basi huyo alipita tu, hakufika. Shule niliachia darasa la sita, na hata hilo la sita niliingilia mlangoni nikatokea dirishani. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu, kwa biro, na binti yangu ndiye atakayeyapiga chapa. Nimemwambia akinisahihisha sana namtoa kwenye urithi.

Ilikuwa hivi. Kuna hoteli moja ya wenye nazo kule karibu na maji ilikuwa imefungwa, wakaniuzia jiko lao la kuchomea, jitu kubwa lenye magurudumu na mfuniko. Lilikuwa limekaa nje misimu ya mvua bila hata gunia juu. Mwili wake ulikuwa mzima, lakini nyavu zake za kuchomea zilikuwa zimeoza kwa macho, kutu imevimba kwenye kila fito kama upele. Mpishi wangu mkuu, kijana wa Bungoma anayeitwa Wekesa, alizigeuza kwa ncha ya kiatu.

“Boss, hizi zimekufa. Tutupe, fundi atuchomelee zingine.”

Nikamuuliza ni nani amempa kazi ya udaktari, na kama amepima mshipa. Nikamtuma soko la Kibuye aniletee ukwaju, gunia zima. Akaenda akijua nataka kutengeneza juisi. Nyuma yake nikavua shati, nikawasha kuni, nikalaza zile nyavu juu ya moto mkali ili kutu ilegee. Sikuwa na haja ya kufanya kazi hiyo mwenyewe. Nina watu. Lakini kazi hiyo siwezi kumpa mtu.

Harufu ikapanda. Wekesa aliporudi alinikuta nimekaa juu ya kreti ya soda, macho yamejaa maji. Akauliza kama ni presha, akimbie duka la dawa. Nikamwambia ni mama. Hakuuliza tena, maana yeye mwenyewe ndiye aliyesimamia sufuria wiki ile tulipomzika, na alijua kwamba Jumamosi iliyofuata nilikuwa naenda nyumbani tukagawe vitu vyake.

Sasa nyinyi wa rika langu mnaelewa neno hilo, kugawa vitu. Vijana wanadhani ni urithi wa mahakamani. Sisi tuliliona kwa macho, uani, tukiwa watoto, na mimi nililiona mapema kuliko wengi.

Baba yangu alikuwa mchomaji Muhoroni. Kibanda chake kilikuwa pale ambapo trekta za miwa husimama kusubiri kuingia kiwandani, kwa hiyo wateja wake walikuwa madereva na wakata miwa, watu wenye njaa ya kweli, si hawa wangu wa leo wanaopiga nyama picha kwanza. Hewa ya pale ilikuwa na utamu mzito wa molasi, ule wa kukukaa kooni, na moshi wa nyama ukichanganyika nao nilidhani ndivyo dunia nzima inavyonuka. Likizo zote nilikaa naye, na siku nyingine likizo ilikwisha nikaendelea kukaa. Mama alibaki nyumbani, mbele ya Bondo ukielekea ziwani, akilima na kutunza boma.

Wavu wa baba haukuwa wa dukani. Trela moja la miwa lilipinduka likavunjika, na fundi wa kuchomelea vyuma akachukua fito zake akamuungia baba wavu mmoja tu, mrefu kama kitanda cha mtoto, fito zake nene kama kidole gumba cha mwanamume. Ulibebwa na watu wawili. Ulikuwa mweusi, laini, unang'aa kama mgongo wa samaki kamongo akitoka matopeni. Watu walisema nyama ya baba ni tamu kwa sababu ya chumvi yake. Si chumvi. Ni ule wavu. Hilo nalijua mimi, nimechoma maisha yangu yote na sijaona wavu mwingine unaoachia nyama vile, bila kung'ang'ania hata uzi mmoja.

Na siri yake ilikuwa jioni. Wateja wakiondoka, baba aliukwangua ungali moto, akaupangusa, halafu akachukua kipande cha mafuta ya ng'ombe, yale meupe ya karibu na figo, akaupaka fito moja moja. Mimi ndiye niliyeshika mafuta. Akichoka ananiachia fito za mwisho. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini hili alilisema mara nyingi hadi nikalichukua kama amri ya Biblia: “Chuma ni kama mtoto. Ukikilaza njaa, kinaamka mgonjwa.”

Kisha yeye mwenyewe akaugua. Kifua. Sikumbuki mengi, nakumbuka tu kwamba alianza kukaa akichoma, yeye ambaye hakuwahi kukaa, na kwamba jioni aliniachia fito zote. Tulirudi nyumbani naye kwa pikapu. Jeneza katikati, wanaume pembeni, na wavu umefungwa kwa kamba juu ya chuma cha nyuma ya dereva. Njia nzima ulikuwa unagonga, kwa-kwa-kwa, kwa-kwa-kwa, na mimi nikiushikilia kwa mkono ili usimsumbue.

Kwetu, mwenye boma akizikwa, vitu vyake haviguswi. Koti lake linabaki kwenye msumari, baiskeli inabaki imeegemea ukuta, mpaka siku ambayo ndugu zake watarudi, wakae uani, wagawane. Ni desturi, na sitaki mtu asome hapa akafikiri naitukana. Desturi yenyewe ina maana yake. Kila ndugu anabaki na kitu cha kumkumbuka marehemu. Shida ni kwamba wengine hukumbuka kwa vidole. Mjane hukaa chini na kutazama. Akishika kitu akakificha ataambiwa ameiba vya marehemu, na neno hilo halifutiki.

Lakini mimi nilikuwa mtoto, meno ya mbele ndiyo kwanza yamerudi, na nilichojua ni kwamba wavu wa baba ulikuwa unalala njaa.

Wageni wa matanga walipopungua, mama aliukokota ule wavu peke yake kutoka ukutani hadi nyuma ya jiko, mahali pasipo na paa wala mti. Akauweka juu ya mawe manne, karibu na ardhi. Jioni mvua ikaja. Nikamkimbilia kumwambia wavu unanyeshewa. Akasema ameona, akaendelea kuchambua mboga.

Asubuhi fito zilikuwa na madoa ya rangi ya chungwa.

Ningesamehe mvua. Mvua ni ya Mungu. Lakini siku moja nikamwona akitoka na karai. Dada yake alikuwa amemletea samaki wa chumvi kutoka kwao Port Victoria, na mama alikuwa amewaosha. Maji yale, mazito, yenye magamba na harufu, alienda nayo nyuma ya jiko akayamimina juu ya wavu wa baba. Hakuyamwaga tu kama mtu anayetupa maji machafu. Aliyamimina polepole, toka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayemwagilia mboga ya sukuma. Kesho yake tena. Hata samaki walipoisha alikoroga chumvi kwenye maji akaendelea.

Mtoto huwa na akili yake ya kuunganisha mambo. Mimi niliunganisha hivi: mama ni binti wa wavuvi. Watu walimwita Nyar Port, yaani binti wa kule Port. Hakuwahi kupenda Muhoroni, hakupenda moshi, na baba alilala siku nyingi kule kuliko kwake. Sasa amekufa, hawezi kumjibu, kwa hiyo anamlipiza kupitia chuma chake. Anamwagia baba maji ya samaki kila jioni. Nilikuwa na hakika ya hilo kama ninavyojua jina langu. Kila nilipomsikia akiomboleza usiku nilijifunika kichwa, nikasema moyoni, muongo huyo.

Nikaamua kumwokoa baba. Kulikuwa na kipande cha mafuta kilichobaki tangu ng'ombe wa matanga. Nilikuwa nimekificha kwenye jani la mgomba. Mama alipoenda kisimani nikachukua mchanga na gunzi la mahindi, nikaanza kusugua ile fito ya mwanzo. Kutu ikaanza kutoka, chini yake nikaona weusi wa zamani, nikafurahi mpaka nikaanza kuimba. Nilikuwa nimefika katikati ya fito niliposikia ndoo ikiwekwa chini.

Mama yangu hakuwa mtu wa kupiga. Siku hiyo alinipiga kofi lililonikalisha. Akachukua yale mafuta mkononi mwangu. Halafu akafanya kitu kilichonimaliza kabisa: akachovya mkono kwenye ndoo, akarushia maji pale pale nilipokuwa nimesugua.

“Ukigusa hiki chuma tena,” akasema, “utalala nje nacho.”

Sikulia. Kuanzia hapo nikaacha kumwita mama. Akinituma naenda, akinipa chakula nakula, lakini neno lile sikulitoa. Yeye naye hakuliuliza. Watu wawili katika boma moja, kila mmoja na kilio chake, na katikati yetu ule wavu ukizidi kuwa mwekundu.

Siku zikasogea. Kuku wetu mmoja, rangi yake kama ya kutu yenyewe, akaanza kutafuta pa kutagia, na mama akamtengenezea majani makavu chini ya wavu, kati ya yale mawe. Kuku akakubali, akalalia. Juu ya wavu mama akatupia gunia bovu upande mmoja. Ukipita hapo ungeona takataka tu na kuku mkali. Nikasema, sawa, sasa wavu wa baba ni paa la kuku. Amemaliza.

Ndipo wakaja.

Waliketi uani kwenye viti tulivyoazima kanisani. Wengi walikuwa wazee wa ukoo ambao sikuwajua, lakini wawili niliwajua vizuri: Baba Mkubwa, kaka yake baba, mtu mpole mwenye kusikia kwa sikio moja, na Baba Mdogo, mziwanda wao. Huyu Baba Mdogo alikuwa amefungua bucha sokoni muda si mrefu. Alikuwa mcheshi, mkono wazi, mtu ambaye watoto wote tulimkimbilia. Hata leo siwezi kumsema vibaya. Alikuwa tu mtu anayeona kitu kizuri akajua mara moja kwamba ni chake.

Mama alikaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, kichwa kimefungwa kitambaa. Koti likaenda. Baiskeli ikaenda. Redio, ambayo haikuwa hata na betri, ikaenda. Kigoda cha baba kikaenda kwa Baba Mkubwa, na hicho kilikuwa haki yake. Visu vya baba, vile vya kibandani, Baba Mdogo akavichukua vyote pamoja na kinoo, akavijaribu kwenye nywele za mkono wake mbele yetu. Kila kitu kilipotajwa mama alikubali kwa kichwa.

Halafu Baba Mdogo akatazama huku na huku.

“Na ule wavu wa kaka? Ule wa Muhoroni?”

Mama akaelekeza kwa mdomo, kule nyuma ya jiko, kama mtu anayeonyesha shimo la taka. Wakainuka wachache, mimi nikawafuata. Baba Mdogo akatoa gunia, akautazama. Nadhani kwa dakika hiyo alihuzunika kweli. Akapitisha kiatu juu ya fito, na magamba mekundu yakaanguka kama maganda ya njugu.

“Nyar Port,” akaita kwa sauti, “kweli umeachia chuma ya kaka ikaoza hivi?”

Mama akajibu kutoka kwenye mkeka, bila kugeuka. “Mwenye kuipaka mafuta amelala, shemeji. Mimi nijuacho ni samaki.”

Wazee wakacheka kidogo. Mmoja akasema chuma hicho sasa kinafaa wauza skrepa tu. Lakini Baba Mdogo hakucheka. Alikuwa mtu wa bucha, alikuwa akipima. Akanitafuta kwa macho, akaniona nimechuchumaa karibu na kuku.

“Wewe, jaduong',” akaniambia, maana alipenda kuniita mzee. “Wewe ulikaa na yeye kule. Sema ukweli. Hiki chuma kinaweza kupona?”

Sasa nataka muone mahali niliposimama. Nilijua jibu. Baba alinionyesha, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaona weusi chini ya kutu. Na huyu aliyekuwa akiniuliza alikuwa na bucha, mafuta ya kila siku, mkaa, kila kitu ambacho chuma kinataka. Kwake wavu wa baba haungelala njaa hata siku moja. Neno moja tu, ndiyo, na ningekuwa nimemtoa baba mikononi mwa mwanamke anayemwagia maji ya samaki. Neno lilikuwa limeshapanda kooni. Nikamtazama mama. Hakuwa ananitazama. Alikuwa ametazama mbele, lakini mikono yake, iliyokuwa imetulia mapajani tangu asubuhi, hata koti lilipochukuliwa, ilikuwa imeshikana, kucha za mkono mmoja zimezama kwenye mwingine.

Baba Mdogo hakungoja. Akaingiza ncha ya kiatu chini ya wavu, akauinua upande mmoja ili ausikie uzito. Kuku akalia, akatanua mabawa. Mimi niliyekuwa nimechuchumaa nikainama kumshika asije akavunja mayai, na hapo, kichwa changu kikiwa karibu na ardhi, nikaona chini ya wavu.

Ulikuwa mweusi. Mweusi wa Muhoroni. Fito zote, toka mwanzo hadi mwisho, upande wa chini zilikuwa zimepakwa mafuta, mengi, yameganda kama nta, na juu ya mafuta yamenata manyoya ya kuku na majani. Wanaume waliosimama waliona juu tu. Harufu ikanijia puani, ile ya kibandani jioni, mafuta ya figo. Kile kipande changu. Na vingine zaidi ya kile.

Sikuelewa. Nasema kweli, sikuelewa yote. Nilielewa jambo moja tu, kwamba mtu anayemchukia marehemu hawezi kuingiza mkono chini ya kuku anayedonoa, akapaka fito moja moja gizani.

“Jaduong', nimekuuliza.”

“Umekufa, Baba Mdogo,” nikasema. “Huo umekufa.”

Akauachia. Ukarudi juu ya mawe kwa kishindo. Baba Mkubwa, ambaye sikujua kama alikuwa amesikia kitu, akasema kuku anayelalia hasumbuliwi katika boma lenye msiba, twende tukamalizie. Baba Mdogo akajipangusa kiatu kwenye nyasi, akasema, kwa mzaha wenye uchungu ndani yake, kwamba kaka yao amewaachia kutu. Wakarudi uani, wakala, wakaomba, wakaondoka na vitu vyao kichwani na begani.

Mama alingoja hadi kuku akatotoa. Aliwangoja na vifaranga wakapata nguvu. Mimi nilikuwa ninazunguka pale kila siku nikitaka kuuliza na sijui nianzie wapi, maana nilikuwa nimeacha kumwita jina. Asubuhi moja akaninyooshea kikapu. Akanituma nikaokote ukwaju chini ya ile miti ya njiani, mwingi niwezavyo.

Tulichemsha ukwaju kwenye nusu ya pipa mpaka ukawa uji mweusi mchachu. Tukawasha moto kwanza, tukaulaza wavu juu yake, kutu ikalegea, na harufu ikapanda, ile ile ya juzi. Kisha tukauzamisha kwenye ukwaju, upande mmoja, halafu upande mwingine, ukalala humo. Kesho yake kutu ilitoka kwa gunzi na mchanga wa ziwani kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Tukauosha kwa maji ya majivu ili uchachu uishe. Tukaukausha papo hapo motoni, maana chuma kilichooshwa kikiachwa na tone moja tu kinarudi kulekule. Halafu mafuta, moto, mafuta, moto, mpaka moshi ukabadilika rangi, kutoka mweupe hadi kama wa samawati, na fito zikaanza kunywa.

Aliniachia fito za mwisho. Hapo ndipo nikasema.

“Mama, kwa nini ulikuwa unautia chumvi?”

Hakusimamisha mkono. “Kitu cha mjane kinachong'aa kina wenyewe wengi,” akasema. “Chenye kutu ni chake peke yake.”

Baada ya muda akaongeza kwamba angeniambia mapema, ila mtoto akijua, uso wake unajua. Ni hayo tu. Na mimi nikarudi kupaka, nikasema mama tena, mama shika hapa, mama geuza, nikilitumia lile neno hata pasipo haja.

Wavu huo ukaenda pwani ya ziwa. Mama akaanza kuchoma samaki, ngege na mbuta, pale mitumbwi inapofika, mimi nikiwa mkono wake wa kulia miaka iliyofuata, na darasa la sita likaishia hapo. Kutoka pale nikaja Kisumu na jiko la kuazima. Yaliyobaki mnayajua, na kama hamyajui, tembeleeni moja ya zile tatu mkaulize. Watu huandika kwamba fulani alijitengeneza mwenyewe. Hata mimi nimesema hivyo kwenye harusi na kwenye kipaza sauti. Ni kweli, nilifanya kazi kama punda, hakuna aliyenipa. Lakini siku hizi nikisema hivyo naona mkono chini ya kuku.

Nilipopata nguvu nilimjengea mama nyumba ya mawe, na wavu ukarudi naye kutoka ziwani. Alikataa kuutoa. Aliuweka ndani ya jiko lake, akaupaka mafuta kila jioni ingawa hakuwa na cha kuchoma isipokuwa samaki mmoja wa kwake. Ndugu zangu wadogo, aliowazaa baada ya kurithiwa kidesturi, nao wakaukuta upo, walimcheka kwamba anabembeleza chuma.

Basi Jumamosi ile tukakaa uani. Wake za ndugu zangu wakagawana sufuria na vitenge. Mambo yakaenda kwa amani, nashukuru. Wakaniambia mimi ninayo yote, nichague kimoja tu cha kumbukumbu. Nikasema nataka wavu. Nikaingia jikoni. Haukuwepo. Kwenye ukuta palikuwa na alama tu, mstari mweusi wa moshi mahali uliposimama miaka yote.

Nikamuuliza ndugu yangu anayekaa pale nyumbani. Akasema, ah, ile skrepa, mama aliitoa nje alipoanza kuugua, akamfanya kijana wa shamba aiburute hadi nyuma ya choo. Walijaribu kumzuia, akakasirika, wakasema ni uzee. Kama naitaka nichukue, ila imeisha.

Nikaenda peke yangu. Ulikuwa pale, juu ya mawe, karibu na ardhi, mwekundu toka mwanzo hadi mwisho, gunia limetupiwa upande mmoja. Chini yake kuku alikuwa amelalia. Nikapiga magoti kwenye matope na suruali yangu ya suti, nikaingiza mkono. Kuku akanidonoa, nikamwacha anidonoe. Nikapitisha kidole chini ya fito ya mwanzo.

Kilitoka na mafuta.

Nilikaa pale. Mbele, magari yalikuwa yamewashwa, watu wa Kisumu wanataka kurudi kabla ya mvua, na ndugu yangu akaja kuniita, akanikuta nimekaa chini nimeegemea ukuta wa choo. Akasema nimruhusu aite vijana wawili, waupakie mara moja kwenye pikapu tuondoke.

“Nendeni,” nikamwambia. “Kuku bado hajatotoa.”